Tovuti ya Fomu 34A: huduma bora iliyoishia njiani

Katika huduma za umma zilizowekwa mtandaoni nchini Kenya, sijaona iliyomkabidhi mwananchi wa kawaida uwezo mkubwa kama tovuti ya matokeo ya urais ambayo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliifungua baada ya kura ya tarehe 9 Agosti 2022. Kuitumia kulikuwa rahisi: ulichagua kaunti, eneo bunge, wadi na kituo, kisha ukapakua nakala ya fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, iliyojazwa kwa mkono na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa wagombea.

Thamani yake humdhihirikia anayekumbuka mwaka wa 2017. Wakati huo wananchi walionyeshwa tarakimu zikipanda ilhali fomu za kuzithibitisha hazikuwepo. Mshindi akatangazwa tarehe 11 Agosti kabla fomu za vituo vyote hazijapokewa, na dosari za upeperushaji wa matokeo zikawa miongoni mwa sababu zilizoifanya Mahakama ya Juu kuubatilisha uchaguzi huo wa urais tarehe 1 Septemba. Mwaka wa 2022 fomu zilitangulia, jumla ikafuata. Kwa hiyo, hata makamishna wanne kati ya saba wa IEBC walipojitenga na matokeo, ubishi ulikuwa na mahali pa kushika: aliyedai kuibiwa angeweza kuulizwa ni kituo gani na ni kura ngapi. Mahakama nayo, kabla ya kuidhinisha matokeo tarehe 5 Septemba, iliagiza fomu zikaguliwe, na haikuona tofauti kubwa kati ya zile za tovutini na zile halisi.

Hata hivyo, tovuti hii ilitoa picha, haikutoa hesabu. Aliyetaka jumla hakuwa na budi kufungua fomu za vituo 46,229, moja baada ya nyingine, na kusoma miandiko ambayo mingine humtesa hata mwalimu mzoefu wa kusahihisha mitihani. Vyombo vya habari vilivyojaribu kazi hiyo vilianza kila kimoja na maeneo yake, hata jioni ileile runinga moja ikamwonyesha mgombea huyu akiongoza na nyingine ikamwonyesha mpinzani wake. Uvumi ulipata mwanya hapo, na jedwali moja la kupakuliwa, lenye tarakimu za kila kituo kando ya picha yake, lingeuziba.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba huduma hii ilihusu urais peke yake. Anayewania udiwani, ambaye huenda akashindwa kwa kura chache mno, hakupata uwazi wa namna hiyo, wala waliomchagua hawakuupata. Sioni sababu ya kifaa cha KIEMS, kile cha kielektroniki kinachotambua wapigakura na kutuma matokeo kutoka kituoni, kutuma picha ya fomu moja na kushindwa kutuma nyingine.

Kwa urais naipa alama nne kati ya tano. Kwa nafasi nyingine tano zilizopigiwa kura siku hiyohiyo, sina cha kuipa. Atakayeitumia mwaka wa 2027, ikifunguliwa tena, asianzie mtandaoni. Kura zikishahesabiwa, nakala ya fomu hubandikwa mlangoni pa kituo: aipige picha pale pale, na ile ya tovutini ikitokea, azilinganishe mstari kwa mstari.