TAHADHARI: Anauza grenda akisema ni mashine ya kupolishi boti, watu wa Mtwara na Lindi kuweni macho

Habarini ndugu zangu, naandika nikiwa na uchungu maana najua wenye boti za faiba kuanzia Mikindani, Msangamkuu mpaka Kilwa tuko magrupu yale yale ya WhatsApp na huyu jamaa leo asubuhi kapost tena.

Iko hivi. Boti ni ya mjomba, tunaiendesha wawili, nyeupe, jua na chumvi vimeipiga mpaka ukipitisha kiganja kinatoka na unga kama umeshika chaki. Tukasubiri bamvua tukaipandisha mchangani, tukasema safari hii lazima ing'ae. Nikaona tangazo: mashine mpya ya kupolishi, spidi 3000 (mizunguko kwa dakika), ina kidude cha kupandisha na kushusha spidi namba 1 mpaka 6, laki mbili na themanini, inatumwa kwa basi kutoka Kariakoo. Picha ilikuwa ya polisha kubwa kabisa yenye padi ya inchi 7. Nikamwambia nalipa ikifika, akasema kaka imebaki moja na kuna mtu yupo njiani kuifuata, basi nikatuma. Jina lililotokea wakati wa kutuma halikuwa lake, akasema la shemeji yake wa dukani. Mtu akikuambia hivyo usimtumie hata mia.

Mzigo ukafika, padi ndogo ya mpira na manyoya yake, nikaona kidude cha spidi kipo nikajua ndo yenyewe. Tukawasha jenereta, nikaweka namba 1, kompaundi, ile dawa ya kusugulia, ikaruka yote usoni kabla hata haijashika, nikadhani nimepaka nyingi. Nikaendelea kama dakika mbili kwenye ukingo wa ubavu, nikasikia harufu ya kuungua, kusimamisha nakuta pamekuwa njano na katikati nyuzi za faiba zinaonekana kabisa. Jelikoti, lile tabaka gumu la juu linalofunika faiba, kwa kawaida ni kama nusu milimita tu jamani, na pale kwenye kona ndo huisha haraka zaidi, sasa faiba ikishabaki wazi maji ya bahari yanaanza kuingia ndani taratibu.

Nikabandua stika yake iliyoandikwa 3000. Chini yake ipo ya kiwandani: 3000–11000. Yani ile 3000 aliyotangaza ni spidi ya CHINI kabisa! Ni grenda ya kukatia chuma imevalishwa manyoya. Polisha ya kuzunguka huwa inaanza kama 600 na mwisho wake ndo 3000 hivi, na kompaundi kwenye jelikoti unafanyia 1000 mpaka 1500, ukipita hapo unatengeneza moto. Kwa hiyo ukinunua usiulize tu "spidi ngapi", uliza inaanzia ngapi, na utumiwe video ya kile kibati cha kiwandani, akikupa picha ya boksi achana naye.

Na kama hujazoea kabisa, tafuta ile inayozunguka huku inayumba, wanaiita DA. Inachelewa kweli, kwenye boti iliyochakaa kama yetu mkono utachoka, ila haiunguzi kirahisi. Ya kuzunguka moja kwa moja inakata unga haraka na fundi mzoefu ataipenda hiyo, ila usiitulize sehemu moja hata kidogo.

Angalia na voti pia. Kuna za mtumba kutoka Marekani ni za 120V, umeme wetu 230V, ukichomeka bila transfoma inakufa hapo hapo na muuzaji atakuambia umeiunguza mwenyewe.

Nilimpigia, mwanzo akapokea akasema hata grenda inapolishi, nikamtumia picha ya ubavu wa boti, akaniblock. Polisi nimeenda nimepewa RB, meseji zake nimezituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli. Mjomba hajanigombeza, ameshika tu pale palipoungua akanyamaza, na hiyo boti ndo inasomesha watoto wake.

Akija inbox na picha ya polisha nyekundu juu ya kaunta ya kioo, ndo huyo, msitume hela. Waambieni na wale wa Msimbati ambao hawako kwenye grupu.

Na mwenye jelikoti nyeupe pamoja na hadina yake (dawa ya kuigandisha) hapa Mtwara mjini anitajie bei, nataka nizibe kabla bamvua lijalo halijaifikia boti pale ilipo.