Chumba cha kodi ya mwezi mmoja mmoja, Kimara Baruti: tathmini ya mpangaji

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeipunguza kwa sababu ya umeme na njia, nitaeleza huko mbele.

Nyumba iko Kimara Baruti, Dar es Salaam, ukishuka kituo cha mwendokasi unapandisha kilima kwa miguu. Ina vyumba sita, kila kimoja na choo chake ndani, vigae chini, dirisha la aluminiamu lenye wavu mzima. Kodi ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Ukizunguka Kimara utapata vya 80,000 vinavyofanana na hiki, kwa hiyo si bei iliyonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu mama mwenye nyumba anapokea kodi ya mwezi mmoja mmoja.

Aliyewahi kupanga Dar anajua uzito wa jambo hilo. Mwenye nyumba wa kawaida hapa mjini anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu Kariakoo, na hela yangu inaingia kidogo kidogo: leo gauni, kesho kupunguza suruali, kesho kutwa hakuna kitu. Kabla ya Idi na shule zikikaribia kufunguliwa kazi zinajaa, zikishapita hizo mkono unakauka. Sasa piga hesabu. Chumba cha 80,000 kwa miezi sita ni 480,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, imefika 560,000, na bado hujaita kirikuu kuhamisha kitanda. Hapa nililipa mwezi wa kwanza pamoja na mwezi mmoja wa dhamana, jumla 180,000, nikapewa ufunguo siku ile ile.

Najua mtu atasema kwa miezi sita nalipa kodi 60,000 zaidi ya huyo wa 80,000. Ni kweli. Lakini huyo wa 80,000 hela ya mkupuo ameitoa wapi? Kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kinakopesha hadi mara tatu ya hisa zako kwa riba ya asilimia 10. Ukikopa hiyo 480,000 unarudisha na 48,000 juu, na ule unafuu karibu wote umekwisha. Hapo bado sijamgusa dalali. Mimi ile tofauti ya 380,000 niliyobaki nayo mkononi niliinunulia vitenge, na vitenge vinaniletea kodi ya mwezi unaofuata.

Wasio na kikoba wanaishia kwenye kausha damu za simu, mikopo ya haraka yenye masharti ya kuumiza. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, lakini mtu aliyepewa wiki moja atoke na mizigo yake hasomi orodha. Mwenzangu wa meza ya jirani alikopa huko hela ya kodi. Alipochelewa kurejesha, ujumbe wa kumdhalilisha ulitumwa kwa ndugu zake na kwa wateja wake. Alilia mbele yetu mchana kweupe. Kwa hiyo ninaposema kodi ya mwezi mmoja ni msaada, ninamaanisha msaada hasa. Serikalini mtu kama mimi hana dirisha la kwenda kuomba kusaidiwa pango. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, toka hapo ni makubaliano yako na mwenye nyumba. Nyumba 644 za serikali za Magomeni Kota zilizofunguliwa 2022 zilikuwa za kaya zilizoishi pale zamani, na nafurahi walirudi, ila sisi tuliobaki tunategemea huruma na akili ya mwenye nyumba.

Huyu wetu ana vyote viwili, na ana utaratibu. Mkataba ni ukurasa mmoja tu, tuliusaini ofisi ya serikali ya mtaa ukapigwa muhuri, kila mtu akabaki na nakala. Kodi inaingia kwa simu kati ya tarehe 1 na 5. Ana kauntabuku yenye jalada jekundu, kila chumba na kurasa zake. Anaandika mwezi, kiasi na namba ya muamala, halafu anakugeuzia usaini mbele ya macho yake. Ukikwama unamwambia kabla ya tarehe 5, anakuambia, “Haya mwanangu, lete nusu, nusu nyingine tarehe 15,” na hiyo nayo inaandikwa. Sijaona mtu akivunjiwa heshima pale uani kwa sababu ya kodi.

Maji yapo. Kuna simtanki la lita 2,000 juu ya kichanja na bomba la DAWASA. Yakikatika tunapunguza kufua, basi.

Umeme ndio shida. Mita ni mbili kwa vyumba sita. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti moja shilingi 100, bila kodi na tozo. Vyumba vitatu kwenye mita moja, chenye friji, chenye feni na changu chenye pasi ya kunyooshea kazi za wateja, hatuwezi kubaki chini ya 75. Matokeo yake tunanunua uniti kwa bei ya karibu mara tatu, wakati kila mmoja wetu angekuwa na mita yake angekuwa mtumiaji mdogo. Tumekubaliana mimi nichangie zaidi kwa ajili ya pasi, na ni haki. Ile kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Mama anaturudishia bila kugombana, maana jengo ni lake. Wenye nyumba wengine wananyamaza tu. Lakini mita za kila chumba ameziahidi tangu nihamie, na naomba sana azilete.

Njia nayo, masika ikianza, kile kilima ni utelezi mtupu. Mwenye mtoto mgongoni au mzigo wa vitambaa apande bodaboda mpaka mlangoni.

Vyumba viwili vya nyuma vinaachwa mwisho wa mwezi huu. Mama hapokei dalali, kwa hiyo hakuna hela ya kuonyeshwa wala ya udalali. Njoo mwenyewe na kitambulisho cha NIDA na mdhamini mmoja anayeishi hapa Dar. Uje mchana, uwashe bomba, ufungue madirisha, na uwaulize wapangaji wa mita yako wanatumia vifaa gani kabla hujatoa hela. Cha kushoto kina joto jioni, cha kulia kina kivuli cha mwembe.