Drams za Umeme kwa Anayeishi Ghorofani: Kelele Iko Mguuni

Wadau, karibuni. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu nina hasira, na kilichonikasirisha kiko hapa chini. Ngoja niishushe kamera. Mnaiona hii? Pedi ya kiki, ile drams kubwa inayopigwa kwa mguu. Seti nzima hii boksi lake limeandikwa kwamba ni kimya, ni ya nyumbani, piga hata usiku. Nembo nimeifunika kwa tepu makusudi. Hili ni suala la namna seti za bei hii zinavyotengenezwa, zinatoka viwanda vingi, na nikitaja jina moja mtadhani zilizobaki ziko salama.

Mnaoniandikia karibu wote mnauliza kitu kimoja. "Kaka, nimepanga ghorofa ya pili, napiga drams kanisani, nataka kufanya mazoezi nyumbani bila kugombana na majirani, ninunue ipi?" Halafu kwenye maoni mnaanza kubishana moduli ipi, yaani kile kisanduku kinachotoa sauti, ina sauti nyingi, hii ina mia nne, ile ina mia sita. Hayo siyagusi leo. Moduli za siku hizi zina sauti kuliko utakavyowahi kuzitumia, zina metronomu, zina tundu la hedifoni, zina USB. Imetosha.

Tuanze na mikono. Amplifaya nimeizima, hedifoni nimezivua. Mtakachosikia ni kijiti kikigonga, basi. Hii ni snea, ile drams ndogo ya katikati, uso wake ni neti, kitambaa cha matundu kilichovutwa. Fup, fup, fup. Naongea huku napiga na mnanisikia vizuri, sivyo? Sasa toazi, hili ni la raba. Ko, ko, ko. Sikilizeni tofauti. Raba ngumu inatoa mlio mkali ambao unapita hata mlango uliofungwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia seti ambayo pedi zake zote ni raba, na wewe unaishi nyumba ya kupanga ya vyumba, zile ambazo dari ni moja juu ya vyumba vyote, ujue hiyo "ko ko ko" inaruka juu ya ukuta inamfikia mwenzako kitandani. Hapo neti ni lazima.

Na hii neti, wadau, ina heshima yake. Simmons walipotoa SDS-V mwaka 1981, zile pedi za pembe sita mlizoziona kwenye video za muziki za zamani, uso wake ulikuwa plastiki ngumu kweli kweli, na wapigaji walilalamika viganja na vifundo vya mikono vinauma. Miaka ikapita watu wanapiga plastiki, wanapiga raba. Mwaka 1997 Roland wakaja na V-Drums za moduli ya TD-10, pedi zina ngozi ya neti waliyoitengeneza pamoja na Remo, kampuni ya ngozi za drams. Kijiti kikaanza kudunda kama kwenye drams halisi na kelele ikashuka. Leo hata seti nyingi za bei ya chini zina neti. Upande wa mikono kazi imeshafanyika, nawapongeza wote.

Sasa mguu. Jirani yangu wa chini ni mama mmoja mwema sana, amekubali niache simu yangu inarekodi mezani kwake. Mtasikia kwanza huku juu, halafu kule chini.

Huku juu: tup, tup, tup. Si mbaya, eti? Ukiwa umekaa hapa na hedifoni masikioni unaona mambo shwari kabisa. Sasa kule chini. Naweka sauti ya simu ile ile, sijaongeza kitu. Du. Du. Du. Mmeisikia? Snea haipo. Matoazi hayapo, hata yale ya raba. Kilichoteremka ni mguu peke yake, na umeteremka mzima mzima. Ngoja nirudie, vaeni hedifoni zenu. Nipige ule mdundo wa kawaida wa sifa, wa haraka haraka. Du-du, du. Du-du, du. Mama wa watu anaangalia taarifa ya habari na juu ya kichwa chake kuna mtu anatwanga.

Kwa nini? Kelele ziko za namna mbili. Iko inayosafiri hewani, hiyo unaizuia kwa mlango, pazia zito, godoro, na neti. Na iko inayosafiri ndani ya jengo lenyewe. Kinyundo cha pedali kinagonga pedi, pedi imeshikwa na chuma, chuma kimekaa kwenye kigae, kigae kimebandikwa kwenye zege, na zege ndiyo dari ya mtu wa chini. Hakuna kitu laini hata kimoja katikati. Ghorofa zetu nyingi zimejengwa hivyo, zege na vigae juu yake. Hedifoni hazisaidii hapo. Kupunguza sauti ya moduli hakusaidii, maana moduli haihusiki kabisa.

Na msisahau pedali ya haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Mguu wa kushoto nao unakanyaga. Sikilizeni chini. Du, ndogo, lakini ipo.

Wengine mtasema weka zulia. Nimeweka, hili hapa, la manyoya. Chini bado: du, du. Zulia linazuia seti isiteleze, na linapunguza ule mlio mkali wa mwanzo, lakini uzito wa pigo unabaki. Nimebadilisha na kinyundo, nikatoa cha plastiki nikaweka cha sufi. Huku juu kumepoa, chini tofauti ni ndogo. Halafu kuna namna ya kupiga. Ukikizika kinyundo kwenye pedi kwa kukanyaga na mguu mzima, mtetemo unakuwa mkubwa. Ukiacha kisigino chini na kukiachia kinyundo kirudi, unapungua. Ila huwezi kumwambia mtu abadilishe mguu wake kwa sababu ya kigae.

Kuna kampuni zimelifikiria hili tangu kiwandani, na hapa nataja majina kwa furaha. Yamaha DTX402K inakuja na pedali ya KU100. Haina kinyundo kabisa, unakanyaga na kihisio kiko ndani. Hakuna kinachogonga pedi, kwa hiyo chini panatulia sana. Kwa mwanafunzi anayeanza, yuko ghorofani, hiyo ningemwambia anunue leo hii. Pedi zake ni raba, nimeshawaambia habari ya raba, lakini kati ya raba mikononi na nyundo mguuni, mimi nachagua raba mara zote. Raba inamsumbua aliye chumba cha pili. Nyundo inamsumbua aliyelala chini yako.

Lakini ngoja. Kadiri nilivyoendelea kuipiga nikawa nafikiria vijana wa kwaya ninaowafundisha. Jumapili wanakaa kwenye drams halisi, zenye pedali ya kinyundo, zenye mrudisho. Mguu uliozoea pedali isiyo na kinyundo unafika kanisani unakuta kitu kingine, kinarudi kwa nguvu, kina uzito. Mdundo unatetereka. Na pedali ya miguu miwili huwezi kuifunga. Kwa hiyo kwa anayeanza, ndiyo. Kwa anayehudumu kila wiki, hapana, huyo anahitaji kinyundo.

Huyo ndiye wa pedali ya Roland KT-10. Hii naipenda, sifichi. Haihitaji pedi ya kiki, imejitosheleza. Kinyundo chake kipo, lakini kinakwenda kinyume, kimewekwa kwenye mwili wa pedali yenyewe, kwa hiyo mguu unauhisi uzito wake na mrudisho wake. Tusikilize juu. Sasa chini. Imebaki kidogo, kama mtu ameweka kikombe mezani. Unaifunga kwenye moduli yako kwa waya wa kawaida tu, hata kama seti ni ya kampuni nyingine, mara nyingi inakubali, unarekebisha usikivu kwenye moduli. Roland wana pia Noise Eater, NE-10 ya kuweka chini ya pedali na NE-1 za miguu ya fremu, ni raba zilizotengenezwa kumeza mtetemo. Na baadaye wakaleta seti nzima ya VQD106, wameiita Quiet Design, pedi zimeundwa upya kwa ajili ya kelele na mtetemo kwa pamoja. Afadhali kuna mtu amekubali hadharani kwamba neti peke yake haikumaliza tatizo.

Bei sasa, maana najua mnaisubiri. Marekani KT-10 inazidi dola 200. Pedali moja. Seti kamili kama Alesis Nitro Max, yenye snea ya neti ya inchi 10 na bluetooth, kule inauzwa chini ya dola 500. Ongeza usafiri, ongeza ushuru, ongeza VAT, kwetu Tanzania asilimia 18, Kenya 16. VQD106 hata sianzi kuipigia hesabu hapa, inapita dola elfu moja kabla haijapanda ndege.

Na wale mnaonunua mitumba ya Japani, nisikilizeni vizuri. Vitu vya huko ni vizuri mno, vimetunzwa. Lakini adapta ya Japani ni ya volti 100. Ukutani kwetu ni 230. Ukiichomeka hivyo hivyo, adapta inakufa na moduli inaweza kufuatana nayo. Soma maandishi mgongoni mwa adapta kabla hujachomeka chochote. Nitafanya kipindi kizima cha mitumba. Halafu tangazo: vipindi vimehamia Jumamosi jioni, kwa sababu wengi wenu Jumapili mko kanisani mnapiga.

Kama hela ya KT-10 haipo, tengeneza jukwaa. Wapigaji wa Ulaya na Marekani wanalitumia miaka mingi na fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza. Mbao mbili nene za MDF au plaiwudi, milimita 18, ukubwa wa kutosha seti nzima pamoja na kiti chako. Katikati yake mipira ya tenisi. Mbao ya chini itobolewe matundu madogo kuliko mpira ili mpira ukae bila kutembea, kila baada ya sentimita 30 hivi, na pale chini ya kiki na chini ya kiti ongeza, kwa sababu uzito uko hapo. Mbao ya juu usiipigilie misumari. Hata msumari mmoja ukiunganisha mbao mbili, mtetemo umepata daraja. Jukwaa lisiguse ukuta vilevile. Klabu za tenisi huwa na mipira iliyochoka, waulizeni, wengi wanaitupa.

Hili hapa langu. Napiga juu yake ile ile seti ya tepu, kinyundo kile kile. Juu: tup, tup. Chini... subirini... hiyo ni feni ya mama. Kiki iko hapo nyuma, ukitega sikio unaipata. Amenitumia ujumbe kauliza kama nimeshaanza kupiga.

Jambo la mwisho, hedifoni. Chukua zinazofunika sikio lote, ili usilazimike kuongeza sauti kuishinda milio ya vijiti. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha sauti muda huo unakatika haraka. Mpigaji drams anapandisha bila kujua.

Kwenye maoni niandikieni vitu vitatu: unaishi ghorofa ya ngapi, sakafu ni vigae au mbao, na unaanza au tayari unahudumu. Bajeti weka pia. Nitajibu, na wale wa nyumba za chini mnaogawana ukuta na jirani, mjitenge kwa kuandika "ukuta", kwenu ushauri ni mwingine na nitauandalia video yake.