Filamu ya rangi kwa harusi na picha za sura: kwa nini begi langu limejaa Portra 400

Bwana harusi wa Mombasa humpa mpiga picha mtihani kabla hata hajaingia msikitini. Amevaa kanzu nyeupe inayorudisha mwanga kama ukuta uliopakwa chokaa, juu yake amejitupia joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, na kati ya weupe ule na weusi ule kuna uso, ambao ndio tulioitiwa. Filamu itakayoshika kila uzi wa joho huku ikiuacha uso ukawa doa la giza haina maana kwa familia ile, hata kanzu ikitoka safi kiasi gani. Nimepiga harusi kwa filamu ya rangi kwa miaka kadhaa sasa, nyingi zikiwa za Mji wa Kale na mitaa ya jirani, na kila ninapoulizwa ni filamu ipi ya kununua, jibu langu huanzia kwenye uso huo, si kwenye picha za harusi za ng'ambo zinazozunguka mitandaoni.

Filamu ninayoitegemea ni Kodak Portra 400. Jina la Portra lilianza kutumika mwaka 1998, na hapo mwanzo mnunuzi alilazimika kuchagua kati ya aina mbili, moja ya rangi tulivu iliyoandikwa NC na nyingine ya rangi zilizokolea iliyoandikwa VC. Mwaka 2010 Kodak ikaziunganisha mbili za ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga; namba ikiwa ndogo, filamu hudai mwanga zaidi) zikawa moja, ikitumia utaalamu uliotoka kwenye filamu zake za sinema za Vision, na mwaka uliofuata ikafanya vivyo hivyo kwa zile za ISO 160. Sifa yake kubwa kwangu ni uvumilivu. Ikipata mwanga wa ziada wa stopu mbili, hata tatu, yaani mara nne hadi nane ya kipimo chake, picha bado hutoka, kanzu ikiwa na mikunjo yake na uso ukiwa na rangi yake. Ikinyimwa stopu mbili, vivuli hujaa chembechembe na ngozi nyeusi hugeuka rangi ya matope. Kwa sababu hiyo huiweka kamera kwenye ISO 200 badala ya 400, ili filamu ipate mwanga mara mbili ya kipimo chake, na mwanga huupima usoni.

Jambo hili la kupima usoni linastahili maelezo, kwa kuwa ndilo lililoharibu roli zangu nyingi za mwanzo. Kipimo kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kinachotazamwa ni cha rangi ya kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye kanzu, kitaona weupe mwingi na kukwambia upunguze mwanga, na hapo uso umeshapotea. Ukikielekeza kwenye shavu la mtu mweusi, kitaona giza na kukwambia uongeze, na ongezeko hilo ndilo chakula cha negativu, yaani filamu hii inayogeuza mwanga kuwa giza na giza kuwa mwanga. Aliyezoea kamera ya dijitali huogopa kufanya hivyo, kwa sababu weupe ukishaungua kwenye dijitali haurudi tena. Negativu tabia yake ni kinyume, huumia gizani na kustahimili mwangani.

Negativu zikirudi kutoka maabara, huzitazama dhidi ya dirisha kabla sijafungua skani hata moja. Huko kila kitu kimegeuka: kanzu imekuwa nyeusi, joho limekuwa jepesi kiasi cha kuona upande wa pili, na chini ya vyote kuna ile rangi ya chungwa ya filamu yenyewe. Mimi hutafuta uso. Nikiona mstari wa pua, kona ya mdomo na ule mng'ao wa paji la uso, najua picha ipo. Uso ukiwa mtupu, rangi yake sawa na ya ukingo wenye matundu, basi hakuna skana wala programu itakayouokoa, kwa sababu hakuna kilichonaswa pale.

Si ajabu kwamba ngozi zetu zinahitaji maelezo marefu hivi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizokuja kujulikana kama kadi za Shirley, na mtu mweusi alitoka vyovyote atakavyotoka. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti yalivyochangia kuifanya Kodak ishughulikie rangi za kahawia, kwa kuwa wateja hao walishindwa kutofautisha aina za mbao na aina za chokoleti katika picha za matangazo. Kabati lilisikilizwa kabla ya bibi harusi. Filamu za leo ni nyingine kabisa, lakini skana ikiachwa ijirekebishe yenyewe bado hujaribu kumng'arisha mtu mweusi tii hadi awe maji ya kunde, na ndiyo maana bahasha zangu zote za maabara huwa nimeziandika kwa wino mwekundu: nyuso zisiongezwe mwanga.

Portra 160 huishinda 400 kwa jambo moja, nalo ni mikono. Asubuhi inayofuata usiku wa hina, bibi harusi akikaa karibu na dirisha kubwa, chembe ndogo za filamu hiyo huonyesha ukingo wa kila ua na mahali hasa wekundu wa hina unapokutana na weusi wa piko. Ukiiweka kwenye ISO 80, kama ninavyofanya, inadai mwanga mwingi, hivyo roli mbili zinanitosha kwa harusi nzima. Portra 800 ndiyo ghali zaidi kati ya hizo tatu, na wengi huinunua wakidhani itawatatulia tatizo la kumbi. Tatizo la kumbi haliishii kwenye uchache wa mwanga, kwa maana rangi ya mwanga wenyewe nayo husumbua. Filamu hizi zote zimesawazishwa kwa mwanga wa mchana. Chini ya balbu za manjano kila kitu huwa chungwa, na kichujio cha bluu cha 80A, kinachofungwa mbele ya lenzi kurekebisha hali hiyo, hula stopu mbili, kwa hiyo 800 yako imebaki 200 na pesa umeshatoa. Zile taa za zambarau ambazo wapambaji wa kumbi wamezipenda siku hizi hazina kichujio cha kuziponya. Mimi huelekeza flashi kwenye dari au ukuta mweupe ulio karibu, naendelea na 400, na 800 hubeba kwa dharura tu. Kuna pia CineStill 800T, ambayo ni filamu ya sinema ya Kodak iliyoondolewa utando mweusi wa mgongoni. Kukosa utando huo huizungushia kila taa duara jekundu, jambo linalopendeza kwenye barabara ya usiku lakini linalochosha macho kwenye jukwaa lililopambwa kwa taa tangu chini hadi juu.

Ektar 100 ninaitaja ili nikuondoe kwake. Ilitoka mwaka 2008, chembe zake ni ndogo mno na rangi zake zimekolea, na kwa leso zilizotandazwa kitandani au sahani ya pilau sina filamu nzuri kuliko hiyo. Usoni huleta wekundu, na ukikosea kipimo kidogo vivuli hugeukia bluu. Gold 200 ni habari nyingine. Ni nafuu kuliko Portra, tangu mwaka 2022 inapatikana pia katika roli pana za 120, na uvuguvugu wake wa manjano hukaa vizuri sana kwenye ngozi ya kahawia jua la saa kumi na moja jioni. Haivumilii makosa kama Portra, wala sithubutu kuitumia wakati wa kufungisha ndoa, lakini kwa picha za familia uani, watoto wakiwa bado na nguo safi, imenipa baadhi ya sura ninazozipenda kuliko zote.

Wapo watakaouliza kuhusu Fujifilm Pro 400H, iliyopendwa sana na wapiga picha za harusi wa Marekani na Ulaya kwa kijani chake laini na ngozi zake za rangi ya waridi. Ilikuwa na tabaka la nne la rangi ambalo wenzake hawakuwa nalo, na Januari 2021 kampuni ilitangaza kuiacha ikitoa sababu ya ugumu wa kupata malighafi. Nilivyoona mimi, ilihitaji mwanga mwingi zaidi ya Portra kabla ya kuutendea haki uso mweusi, na ikikosa mwanga huo iliutia ukijivu. Kilichobaki sokoni ni roli zilizopitwa na muda zinazouzwa kwa bei ya kuringa. Nilinunua tano kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba zilikaa kwenye friji maisha yao yote. Nilijaribu moja nyumbani kabla ya kuipeleka kazini, ikatoka na ukungu wa zambarau kwenye kila kivuli, na pesa sikurudishiwa. Nashukuru ilikuwa bustani yangu na si harusi ya mtu.

Joto letu ni adui wa filamu ya aina yoyote. Zangu hukaa kwenye friji ndani ya kopo lenye mfuniko mgumu, na huzitoa jioni ya kuamkia kazi zikiwa bado zimefungwa, kwa sababu ukiifungua roli baridi katika hewa ya Pwani itatoa jasho kama chupa ya soda. Garini sizibakishi hata kwa muda wa swala moja. Kwenye uwanja wa ndege huomba zikaguliwe kwa mkono, hasa za 800, wala siziweki kamwe kwenye mzigo unaopelekwa chini, ambako miale ya mashine ni mikali zaidi.

Harusi ya siku moja hunila roli kumi za picha 36, na kati ya hizo nane huwa ni Portra 400. Roli mbili ninazozipiga mwisho ni za kupamba, yaani sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi akiwa amepambwa, na hizo zina utaratibu wake. Ukumbi ule ni wa wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, simu zimezuiwa mlangoni, na mara nyingi mama mwenye shughuli hukubali kupigwa picha kwa sababu tu filamu haiwezi kutumwa kwa mtu kabla hajajua. Roli hizo sizipeleki maabara. Huzisafisha mwenyewe jikoni kwa dawa za C-41, zile za kusafishia filamu ya rangi, dakika tatu na robo katika dawa ya kwanza, joto likiwa digrii 37.8, na kwa hilo angalau hali ya hewa ya Mombasa hunipunguzia kazi ya kuchemsha maji. Kisha hukabidhi negativu zote pamoja na picha zilizochapishwa, nami sibaki na kitu.

Mara ya mwisho nilipopeleka bahasha, nyanya yake bibi harusi alichomoa ukanda mmoja, akauinua mbele ya taa, akaniuliza: "Mwanangu, mbona mjukuu wangu mmemvisha gauni jeusi?" Nikamsogelea, nikamwonyesha uso. Pua ilikuwepo, na ubavuni mwake nukta moja nyeusi, ndogo kama punje ya ufuta, ambayo ni kipini chake cha dhahabu.