Uzoefu wangu Vinitaly: nenda na swali, usiende na kiu

Kazi yangu ni kuhudumia mvinyo katika hoteli moja ya Kiwengwa, Unguja. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, na kwa miaka nimekuwa nikiwamiminia mivinyo ya kwao bila kuwahi kuonana na hata mmoja wa wanaoitengeneza. Safari ya Verona, Italia, kwenye maonyesho ya mvinyo ya Vinitaly, niliigharamia mwenyewe. Nasema mapema kwamba pesa yangu haikupotea, ila siyo kila mtu atarudi akiwa ameridhika kama mimi.

Maonyesho haya yalianza mwaka 1967. Hufanyika Aprili kwa siku nne, Jumapili hadi Jumatano, na washiriki wenye meza ni kama 4,000. Kumbi zimegawanywa kwa mikoa: Toscana kwake, Piemonte kwake, Sicilia kwake. Kila meza ina chupa tano, sita, hata kumi. Hakuna binadamu wa kuyamaliza hayo, hata akionja kwa matone. Anayeingia bila mpango na kunyoosha glasi kila anapoona chupa nzuri, ikifika saa tisa alasiri ulimi umekufa na hakumbuki alichoonja asubuhi.

Mimi nilikwenda na swali moja. Kwa nini chupa mbili za Amarone, mvinyo mwekundu wa mkoa wa Veneto, za mwaka mmoja na kutoka vilima vinavyopakana, hutofautiana kiasi kile? Wageni huniuliza, na majibu yangu yalikuwa ya kitabuni tu. Basi siku ya kwanza nzima sikutoka ukumbi wa Veneto.

Amarone hutoka Valpolicella, vilima vya kaskazini mwa Verona. Zabibu zake, hasa Corvina, Corvinone na Rondinella, zikishavunwa hazikamuliwi papo hapo. Hupangwa kwenye machano ya mianzi au kreti, ndani ya maghala yanayopitisha hewa, zikakaa miezi mitatu hivi. Mtu wa Pemba aliyezoea karafuu kuanikwa majamvini ataelewa haraka, ila huku jua halitakiwi kabisa, ni kivuli na upepo. Zabibu hupoteza theluthi ya uzito wake au zaidi, sukari inabaki imejikusanya, ndipo hukamuliwa wakati wa baridi kali. Kinachopatikana ni mvinyo mkavu, mzito, wenye kilevi cha asilimia 15 au 16.

Hayo niliyajua. Nisilolijua nilifunzwa na mama mmoja wa makamo mwenye shamba dogo, ambaye meza yake ilikuwa pembeni na haikuwa na foleni. Nilipomuuliza swali langu kwa Kiitaliano changu cha hotelini, aliziweka kando chupa alizokuwa akimiminia watu, akatandika glasi tatu. Ya kwanza ilikuwa na mvinyo wa shamba la bondeni, ya pili wa kilimani, wote wa mwaka mmoja. Akanizuia nisinuse. Nionje, niteme, kisha nisikilizie mdomo unavyojaa mate. Wa bondeni uliniachia joto kooni na utamu wa cheri zilizoiva sana. Wa kilimani ulinijaza mate pembeni mwa ulimi, na ukakasi wake ulikuwa laini, umeshika ufizi bila kukwaruza. Akanieleza kwamba kule juu usiku ni wa baridi zaidi, hivyo zabibu huiva polepole na uchachu wake haupotei. Glasi ya tatu ilikuwa mvinyo uleule wa kilimani, lakini wa miaka kumi nyuma. Ukingoni rangi ilikuwa imegeuka ya tofali, na harufu ilikuwa ya tini kavu na tumbaku. Ule uchachu ndio uliokuwa bado umeushikilia. Bila huo, akasema, ungekuwa umeshalala zamani.

Ningesoma vitabu vingapi hadi nilielewe hilo? Sasa mgeni akitaka Amarone ya kula na nyama ya kuchoma namshauri ya kilimani, na akitaka ya kunywa taratibu na jibini baada ya chakula, hapo ya bondeni inafaa. Naeleza kwa uhakika kwa sababu nimeonja mwenyewe.

Kuhusu kutema: kwetu kutema kinywaji mbele ya aliyekukaribisha ni utovu wa adabu. Huku ndiyo adabu yenyewe. Ndoo zipo mezani na wakubwa wa kazi hii wote wanatema. Usipotema huoni adhuhuri.

Siku ya pili nilikuwa ukumbi wa Piemonte kwa ajili ya Barolo, inayotengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo na ambayo kisheria haiuzwi kabla ya miezi 38, 18 kati ya hiyo ikiwa kwenye mapipa ya mbao. Ukakasi wake ukiwa bado mchanga hukausha mdomo wote. Kulikuwa na meza moja ambako mmiminaji alisoma kwanza beji yangu, akaona sitoki kampuni ya uagizaji, akageuka. Sikujali, meza ya jirani walinipa nusu saa nzima.

Nilipomwambia yule mama kwamba Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, alinitaka nirudie. Akauliza udongo, akauliza mvua, akauliza jina la zabibu. Nilipomtajia Makutupora nyekundu aliandika kwenye kijitabu chake. Wakulima wetu wana jambo la kueleza pale, na natamani sana siku moja niikute meza yao katika kumbi zile.

Kwa anayepanga kwenda: tiketi ni za watu wa kazi ya mvinyo na si rahisi, kwa hiyo kama unataka burudani, tafuta shughuli zinazofanyika mjini kwa ajili ya umma wakati huohuo. Vyumba Verona hupanda bei wiki hiyo. Mimi nililala mji wa jirani, Vicenza, na kuja kwa treni hadi kituo cha Porta Nuova cha Verona. Vaa viatu vya kutembelea, usijipake manukato, kula vizuri asubuhi. Jumapili watu ni wengi mno. Jumatano asubuhi wenye mashamba wana nafasi ya kuzungumza, ila usisubiri mchana, maana wengine huanza kufunga mizigo.