Mwaka mmoja wa uanachama katika Huntington: uzoefu wangu wa bustani, jumba na wakfu

Nimekuwa mwanachama wa Huntington, taasisi yenye bustani ya mimea, makumbusho ya sanaa na maktaba iliyoko San Marino, California, kwa mwaka mzima sasa, na katika mwaka huo nimepita langoni mwake mara kumi na moja. Ninaitathmini kwa jicho ambalo huenda si la mgeni wa kawaida, kwa sababu kabla ya hapo nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika ofisi ya kumbukumbu za makusanyo ya shamba jingine la kihistoria, dogo kuliko hili, ambalo nalo lilikuwa na jumba la kale, picha na bustani chini ya bodi moja ya wadhamini. Wenzangu wanapoinama kunusa mawaridi, mimi huwa naangalia mabomba yanapita wapi, lebo zimeandikwaje, mapazia yamefungwa saa ngapi, na kama kuna hema limesimikwa juu ya mizizi ya mti.

Anayetaka kuielewa huduma hii aanze na neno wakfu. Henry E. Huntington, aliyetajirika kwa reli na biashara ya ardhi kusini mwa California, alilinunua shamba la San Marino mwaka 1903, na mwaka 1919 yeye na mkewe Arabella walitia saini hati iliyoyaweka makusanyo yao chini ya wadhamini kwa manufaa ya umma. Arabella alifariki mwaka 1924, Henry akamfuata mwaka 1927, na mwaka 1928 umma ukaanza kuingia. Leo eneo lote lina ekari 207, na taasisi inaendeshwa bila kulenga faida: ziada haigawiwi kwa mtu yeyote, na anayechangia anaweza kudai nafuu ya kodi chini ya sheria za Marekani. Hali hiyo hubadilisha maana ya kadi yangu ya uanachama. Sehemu ya fedha nilizolipa ni bei ya kuingia mara nyingi nitakavyo, na sehemu nyingine ni sadaka. Atakayepiga hesabu ya uanachama kama anavyopiga ya ukumbi wa mazoezi, akagawanya ada kwa idadi ya siku alizofika, atakuwa ameisoma nusu tu ya risiti.

Bustani ya jangwa ndiyo iliyonifanya nilipie. Msimamizi wa mashamba, William Hertrich, aliyeajiriwa mwaka 1904, alianza kuipanda mwaka 1907, na inasimuliwa kwamba mwajiri wake hakuipenda fikra hiyo hata kidogo, kwa kuwa miba ya mipungate ilikuwa imemtesa wakati akisimamia ujenzi wa reli. Hertrich alimshawishi polepole, kipande baada ya kipande, mpaka tajiri mwenyewe akawa mkusanyaji. Leo ekari zipatazo kumi zina zaidi ya spishi 2,000 za mimea ya maeneo makame, na ni miongoni mwa bustani za aina hiyo zilizo kubwa na kongwe zaidi duniani. Nilifika mara ya kwanza mwezi Januari, wakati mishubiri ya kutoka Afrika ilikuwa imechanua mistari ya rangi ya machungwa na nyekundu, na nilisimama kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu nilikulia kwenye lugha ambamo shubiri ni jina la uchungu wenyewe, na sikuwahi kufikiri kwamba mmea huo ungeweza kupewa nafasi ya heshima ambayo bustani nyingine huwapa mawaridi.

Kilichonivutia kitaaluma hapo ni lebo. Katika bustani ya mimea iliyo ya kweli, na siyo bustani ya mapambo tu, mmea una namba ya usajili kama picha ilivyo na namba nyuma ya fremu yake: lini uliingia, ulitoka wapi, nani aliukusanya, na uliwahi kuhamishwa au la. Huntington inatunza takriban mimea hai 83,000 na ina pia maabara inayohifadhi tishu za mimea adimu katika baridi kali. Kwa mtu wa kumbukumbu, hii ni kazi ngumu kuliko ya jumba la sanaa, kwa sababu picha ikisajiliwa hukaa pale ilipotundikwa, ilhali mmea hukua, huzaa machipukizi, hubadilishiwa jina la kisayansi na wataalamu, kisha hufa bila kuomba ruhusa ya bodi. Nilikokuwa nikifanya kazi tulikuwa na madaftari mawili yasiyojuana, moja la jumba na moja la bustani, na msajili wa picha hakujua kwamba mti ulioonekana kwenye mchoro ukutani ulikuwa bado umesimama nje ya dirisha lile lile. Hapa sijaona daftari lolote la ndani, lakini matokeo yanaonekana kwa mgeni: lebo zinasomeka, majina hayagongani, na mtu wa kujitolea niliyemuuliza kuhusu mmea mmoja wa saikadi, jamii ya kale ya mimea inayofanana na mitende, alinijibu kwa asili ya mmea huo na wala hakunitajia urembo wake.

Jumba nalo lina mzigo wake. Lilibuniwa na Myron Hunt na Elmer Grey kama makazi, likamalizika mwaka 1911, na makazi hayakujengwa kwa ajili ya kulinda turubai. Madirisha ni makubwa kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuiona bustani yake. Lakini mwanga ule ule unaoipendeza bustani ndio unaochakaza vitambaa, ndiyo maana kiwango ambacho makumbusho hutumia kwa nguo na karatasi ni takriban luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na kwa picha za rangi ya mafuta takriban 200. Mgeni anayelalamika kwamba chumba kina giza wakati nje jua linawaka anapaswa kujua kwamba giza hilo limepimwa kwa kifaa. Hatari nyingine ni moto: mwaka 1985 moto ndani ya jumba uliteketeza picha moja iliyochorwa na Joshua Reynolds na kuacha moshi kwenye vitu vingi, na jumba lilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2008. Nilipotembea humo nikijua habari hizo niliacha kuyaona mapambo ya dari peke yake na kuanza kutafuta vinyunyizio na vitambuzi vya moshi, ambavyo vimefichwa kwa ustadi wa kunitia wivu.

Kwenye ukumbi wa picha za watu yupo kijana mwenye mavazi ya buluu aliyechorwa na Thomas Gainsborough karibu mwaka 1770, na mbele yake anamtazama msichana aliyechorwa na Thomas Lawrence mwaka 1794. Picha ya kijana ilinunuliwa mwaka 1921 kwa zaidi ya dola 700,000, bei iliyoshtua watu wakati huo. Binafsi sikuwahi kuipenda sana. Kilichobadilisha mtazamo wangu ni kusoma jinsi ilivyotibiwa: kuanzia mwaka 2018, mtaalamu wa uhifadhi aliiondolea vanishi zilizochakaa na kuimarisha rangi zilizokuwa zikibanduka, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikifanyika ukumbini mbele ya wageni, akiwa na darubini, huku watu wakiuliza maswali. Taasisi nyingi hufunga mlango na kutundika kibao cha kuomba radhi. Kuugeuza ukarabati kuwa onyesho ni uamuzi wa uendeshaji unaomwonyesha mchangiaji mahali fedha yake inapokwenda, na nadhani ni wenye busara kuliko matangazo yoyote. Mwaka 2022 picha hiyo ilipelekwa London kuonyeshwa National Gallery, miaka mia moja kamili tangu ilipoagwa huko, na safari hiyo ilizua mabishano kwa sababu kitu dhaifu cha umri huo hakisafiri bila hatari. Mimi nilikuwa upande wa waliopinga, na bado nipo, ingawa ilirudi salama.

Katika shamba nililofanyia kazi zamani, ambalo sitalitaja, shida yetu kubwa ilitoka kwenye maua. Kila mwisho wa wiki jumba lilikodishwa kwa harusi, na mabunda ya maua yaliingizwa ndani bila kukaguliwa. Kuna vidudu vidogo vya jamii ya mbawakavu ambao wakubwa wao hula chavua na mabuu yao hula sufu. Walikuja na maua, wakataga, na baada ya miezi tulikuta zulia la kale limetobolewa chini ya kabati ambalo hakuna aliyekuwa amelisogeza. Mahema yalisimikwa juu ya mizizi ya miti mikubwa, udongo ukashindiliwa, na mwaloni mmoja ukaanza kukauka kutoka juu. Msimamizi wa bustani alilaumu ofisi ya hafla, ofisi ya hafla ikaonyesha bajeti, na bajeti ilikuwa na haki yake, maana bila harusi tusingelipa mishahara ya watunza bustani. Sikuwa nimelifumbua fumbo hilo nilipoondoka, na ndiyo sababu huwa nalitazama popote ninapokwenda.

Huntington wana nafuu ambayo sisi hatukuwa nayo, yaani mfuko wa wakfu ulioanzishwa na wenye shamba wenyewe, lakini mfuko hautoshi peke yake na unayumba pamoja na masoko ya hisa. Tiketi, uanachama, mkahawa, duka na michango ya watu binafsi vinakamilisha hesabu. Mfumo huo una tabia moja ninayoitilia shaka katika taasisi zote za aina hii: wachangiaji hupenda kutoa fedha kwa kitu kipya chenye ukuta wa kubandika jina. Bustani ya Kichina iliyofunguliwa mwaka 2008 na kupanuliwa mwaka 2020 inapendeza, na nyumba ya mkuu wa kijiji yenye umri wa zaidi ya miaka 300, iliyoletwa vipande vipande kutoka Marugame nchini Japani na kufunguliwa mwaka 2023, ndiyo sehemu ninayowapeleka wageni wangu kwanza. Hata hivyo kila bustani mpya huzaa bili ya maji na mishahara ya milele, na ni nadra kumpata mtu anayetaka jina lake liandikwe kwenye bomba la umwagiliaji. Paa lililotengenezwa vizuri halina sherehe ya kukata utepe. Kama kuna wadhamini wanaosoma tathmini za wageni, basi ombi langu ni dogo: wekeni kibao kimoja kinachoeleza umwagiliaji wa ekari zote hizo katika nchi yenye ukame, nami nitakisoma hadi mwisho.

Kwa atakayekwenda kama mgeni wa siku moja, ninayo machache ya kumwonya. Eneo ni kubwa kuliko miguu. Kujaribu kuona bustani zote, jumba, sanaa ya Marekani na maktaba yenye Biblia ya Gutenberg, miongoni mwa vitabu vya kwanza kupigwa chapa Ulaya, ndani ya siku moja ni kujinyima vyote, na mchana wa kiangazi jua la bustani ya jangwa halina huruma. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumanne ni siku ya mapumziko, na bei ya mwisho wa wiki ni kubwa kuliko ya siku za kazi. Alhamisi ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, ila ni lazima kuagiza tiketi mapema. Ninaiheshimu siku hiyo kuliko huduma nyingine yoyote wanayotoa, kwa kuwa taasisi inayonufaika na msamaha wa kodi haina budi kumwachia mlango wazi hata asiyeweza kulipa, na mara mbili nilizofika siku hiyo kwa makusudi niliwakuta watunza bustani kazini kama kawaida, lebo zikiwa safi na viti vikiwa wazi, bila dalili kwamba wageni wa bure wanahudumiwa kwa mkono wa kushoto.

Uanachama wangu umekwisha wiki iliyopita, na nimeulipia tena. Kuna mshubiri mmoja upande wa chini wa bustani ya jangwa ambao Januari iliyopita haukuwa umechanua, na lebo yake ilikuwa mpya. Nitakwenda kuuangalia siku ya kazi, saa nne kamili, kabla jua halijapanda.