Njaa ya Ireland na njaa ya Bengal
Zote zilitokea chini ya utawala wa Uingereza, ila chanzo hakikufanana. Ireland, kuanzia 1845, viazi viliozea ardhini kwa ugonjwa wa ukungu. Watu wapatao milioni 1 walikufa, wengine zaidi ya milioni 1 wakahama. Inauma kukumbuka kwamba nafaka iliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza.

Bengal, jimbo la mashariki mwa India ya wakati huo, 1943, Vita vya Pili vya Dunia vilipandisha bei ya mchele, serikali ilikuwa imetwaa mashua za wavuvi, na vibarua wasio na shamba wakashindwa kununua chakula. Walikufa kati ya milioni 2 na 3. Mwanauchumi wa India Amartya Sen, aliyeishuhudia njaa hiyo akiwa mtoto, alionyesha baadaye kuwa watu huweza kufa njaa na chakula kipo. Kwangu, hii ndiyo inayotisha zaidi.

Kote kuwili, maradhi yaliwamaliza wengi waliokwisha kudhoofika.